Nilimjibu daktari "No", kumbe naipeleka roho ya mwanangu pabaya

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo miezi kadhaa nikijiuliza niliandike au niache. Leo nimeamua. Sitaongeza chumvi, na kuna sehemu naona aibu hata kuziandika, ila nitaziandika hivyo hivyo. Natumia simu, mtanivumilia.

Mimi ni mkazi wa Mwanza, Ilemela, huku kwenye nyumba za juu ya mawe. Nina stationery ndogo. Natoa photocopy, natype, naandikia watu CV na barua za kuomba kazi. Mtaani wananiita Ticha, ingawa sijawahi kufundisha hata siku moja.

Jina lilikuja kwa sababu ya Kiingereza.

Nilimaliza form six, chuo nikakosa. Wenzangu wengi wakaenda. Mimi nikabaki na kitu kimoja tu cha kujivunia, Kiingereza changu. Nikakishika kama mtu anavyoshika cheti. Ukikosea mbele yangu lazima nikurekebishe, uwe mteja, uwe shemeji yangu, uwe mchungaji.

Nilifikia hatua ya kubandika karatasi ukutani dukani. Nimeprint kwa herufi kubwa: MAKOSA YA AIBU. Chini yake orodha. "Return back", kwamba return peke yake inatosha. "Discuss about", toa about. "Borrow me your pen", sema lend. "I hear a bad smell", harufu haisikiwi kwa Kiingereza, inanuswa. "My wife he is a nurse", he ni mwanaume. Na nyingine nyingi. Watu wakisubiri photocopy wanasoma, wanacheka.

Hiyo karatasi haipo tena, nawaambia mapema kabla hamjanishambulia.

Siku moja alikuja mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Kigongo. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kwa abiria wa kivuko, biashara ikapungua, akaambiwa kuna hoteli mjini inatafuta mpishi. Barua ameiandika mwenyewe kwa mkono, kwa Kiingereza, anataka nimtypie tu. Sentensi ya kwanza: "I am a good cooker."

Nikacheka. Nikasema kwa sauti, duka limejaa, "Mama, cooker ni jiko. Wewe ni jiko?"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Halafu akaikunja barua yake taratibu, akaiweka kwenye pochi, akasema "Ngoja nikaitengeneze kwanza, baba." Akaondoka. Hakurudi.

Sasa tulia nikupe tukio lenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa Nansio kwa mama yake, nimebaki nyumbani na binti yetu Neema, ana miaka sita. Asubuhi saa moja hivi napiga mswaki nje, nasikia kelele upande wa mawe. Kumbe Neema kakimbilia kuteleza mawe na wenzake, kaangukia mkono. Nilipofika nikauona ule mkono, wakuu, kiwiko kimekaa upande ambao kiwiko hakikai.

Bajaji moja kwa moja hadi hospitali. Sitaitaja.

Wakatupokea vizuri tu. X-ray, daktari akasema umevunjika juu ya kiwiko, itabidi aingie theatre leo leo arudishiwe mfupa na kuwekewa waya. Bahati nzuri kuna madaktari wageni wamekuja kusaidia kwa wiki mbili. Wakamfunga mkono, wakamchoma sindano ya maumivu, wakatupa kitanda.

Nesi wa wodini, binti mdogo, akaja na karatasi akaitundika kichwani mwa kitanda. Imeandikwa NIL BY MOUTH. Akaanza kunieleza, "Baba, hii maana yake..."

Nikamkatisha. "Usijali sista, nimesoma. Nimeelewa."

Akaniangalia kidogo. "Una uhakika?"

"Kabisa."

Akaenda kwa wagonjwa wengine, walikuwa wengi na yeye yuko mwenyewe.

Nil najua ni sifuri. By mouth ni kwa mdomo. Nikaunganisha: hapewi dawa za kumeza, ni sindano tu. Kila neno nalijua. Sentensi nzima sikuijua, na hata wazo kwamba huenda siijui halikunijia.

Neema alikuwa analia njaa. Tangu jana usiku hajatia kitu mdomoni. Nikashuka chini, nikanunua maandazi na maziwa ya moto. Nikamlisha mwenyewe kwa mkono wangu. Alitaka kuacha, nikamwambia "Maliza mama, upate nguvu, unaenda kufanyiwa operesheni."

Wazazi mnaonisoma, kwetu mgonjwa si analishwa? Mimi nilijua chakula ndiyo nguvu. Hakuna aliyewahi kuniambia vingine. Yaani aliyetaka kuniambia nilimkatisha.

Mnamo saa tano akaja daktari wa usingizi. Mzungu, kijana tu, mrefu, mpole. Yule nesi akataka kusogea aje atafsiri, nikamwonyesha kwa mkono kwamba niko sawa. Wakuu, nilikuwa naogopa sana siku ile, na Kiingereza kilikuwa kama kitu pekee ninachokimudu katika jengo lile. Nikawa nataka daktari ajue kwamba huyu mtoto ana baba anayejielewa.

Akaniuliza jina la mtoto, umri, uzito, kama ana pumu, kama kuna dawa zinamdhuru. Nikajibu vizuri kabisa, nikajisikia.

Kisha akauliza, "And she hasn't eaten anything this morning?"

Kichwani kwangu swali likaingia kwa Kiswahili: hajala chochote asubuhi hii?

Na mimi nikajibu kama Mswahili yeyote anavyojibu anapokataa. "No."

Yaani hapana, si kweli kwamba hajala. Amekula.

Akatabasamu. "Good. Very good." Akaandika.

Na mimi nikatabasamu. Nikajua daktari kafurahi mtoto ana nguvu tumboni.

Hebu rudia hapo taratibu uone. Kwa Kiingereza, mtu akikuuliza "She hasn't eaten?" ukajibu "No", umesema hajala. Sisi mtu akituuliza "Hajala?" tunamjibu swali lake: "Ndiyo, hajala" au "Hapana, amekula." Wao hawaangalii swali limekaaje, wanaangalia tendo. Kama tendo halikufanyika ni no, kama lilifanyika ni yes. Miaka yote ile narekebisha watu, hilo sikuwahi kulijua. Halikuwepo kwenye orodha yangu.

Saa sita wakaja kumchukua. Nikasukuma kitanda pamoja nao hadi mlango wa theatre. Pale mlangoni tukapokelewa na nesi wa theatre, mama mtu mzima, Msukuma, wanamwita Sista Kabula. Ana faili lake na orodha yake ya maswali. Mimi nikajiandaa kujibu.

Hakuniangalia hata. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Neema, mjukuu wangu. Leo umekura nini?"

"Maandazi na maziwa," Neema akasema.

"Mangapi?"

"Mawili. Na nusu ya baba. Baba kasema nimalize."

Yule mama akanyanyuka taratibu. Akanitazama. "Kweli, baba?"

"Ndiyo, sista. Kwani kuna shida?"

Akafungua mlango wa theatre kwa bega, akaita. Daktari wa usingizi akatoka ameshavaa kofia na glavu. Sista Kabula akanyoosha mkono mbele yake kama trafiki anayesimamisha gari.

"Doctor, stop. This child she eat. Two and half mandazi. And milk."

Daktari akaangalia faili, akaniangalia mimi. "But the father told me no."

"Father he say no," yule mama akasema. "But is Swahili no."

Wakuu, kwa hesabu za ukuta wangu ile ni sentensi ya kuchekwa duka zima. She imezidi, eat imekosewa, he imezidi, it haipo. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia Kiingereza kizuri kama kile.

Daktari alielewa papo hapo. Nilimwona akivua zile glavu. Akasema tunaahirisha hadi kesho asubuhi. Akaupima mkono wa Neema, akabonyeza vidole, akasema damu inafika vizuri, unaweza kusubiri.

Sista Kabula akanivuta pembeni. Sikutukanwa, na nilitamani nitukanwe. Akanieleza kwa sauti ya chini. Mtu akipewa usingizi tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda juu wakati yeye hana fahamu ya kukohoa. Kikaingia kwenye mapafu. "Mtoto hawezi kukuambia, baba. Amelala. Tunakuja kuona ameshabadilika rangi."

Nikakaa kwenye benchi la korido.

Nikakaa pale muda mrefu. Nilifikiria maziwa yale, jinsi nilivyopuliza yapoe. Nikamfikiria na yule mama wa Kigongo, sijui kwa nini. Nikaona kumbe yeye hakukosea kijinga. Anayefundisha ni teacher, anayeendesha ni driver, anayeimba ni singer, sasa anayepika angeitwa nani? Kafuata kanuni vizuri, Kiingereza ndicho kimevunja kanuni yake chenyewe. Na anayesema "I hear a smell" si mjinga, kwetu harufu tunaisikia. "Borrow me" ni kwa sababu "niazime" yetu inafanya kazi zote mbili. Anayechanganya he na she amelelewa na "yeye", ambayo haijali mke wala mume. Kila kosa pale ukutani lilikuwa na mama yake. Mimi nilikuwa naona kosa tu.

Yule mama sijamwona tena mpaka leo. Nimeulizia, sijampata.

Jioni mke wangu akafika kwa boti, amekuja na mama mkwe. Nikawasalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba, Baba Neema. Mtoto?" Nikawapeleka wakamwona, kalala, mkono umefungwa. Mke wangu akauliza mbona walisema operesheni ni leo.

Ningeweza kudanganya. Ningesema madaktari walizidiwa na kazi, nani angejua?

Nikawaambia. Yote, pamoja na ile ya kumkatisha nesi. Nilipofika kwenye "No", mke wangu akafunga macho. Akageuka akaanza kupanga nguo za mtoto kwenye kabati, anakunja, anakunjua, anakunja tena.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Ni mama wa Kikerewe, si mwongeaji.

"Baba Neema, ulikuwa unampa mtoto chakula. Hukumpa sumu."

"Lakini mama, nilitaka kuonekana najua."

"Hilo ni lako na Mungu," akasema. "Ila usilale na hilo la chakula."

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima, kwenye korido ya wodi ya watoto.

Usiku ule yule nesi mdogo alipita tena. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nieleze kile ulichotaka kunieleza asubuhi, nieleze kwa Kiswahili. Akanieleza yote, polepole: asile, asinywe, hata maji, na kuanzia saa ngapi. Nikarudia maneno yake kama mwanafunzi. Akacheka kidogo, "Sawa baba, umefaulu."

Jumapili saa tatu wakamwingiza. Kabla hawajamchukua daktari wa usingizi akaja, safari hii na Sista Kabula. Swali lake lilikuwa tofauti: amekula nini mara ya mwisho, na saa ngapi? Hapo hakuna pa kupotea. Nikajibu, "Yesterday, six in the evening. Ugali and fish." Kisha nikarudia kwa Kiswahili kwa Sista Kabula ili na yeye ahakikishe. Daktari akaniambia kwamba na yeye kajifunza, swali lile la jana hataliuliza tena kwa mtu yeyote, hata kwao.

Tukasubiri nje. Mke wangu, mama mkwe, mimi. Dakika zilikuwa zinagoma.

Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa. Akatoka yule daktari mzungu, kashusha barakoa, uso umejaa tabasamu. Akaja moja kwa moja kwa mama mkwe. Nadhani alitaka kumheshimu, amwambie habari kwa lugha yake. Inaonekana alikuwa kajifunza maneno mawili matatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta pumzi kama mtu anayekwenda kuruka mtaro. Akasema kwa sauti, kila silabi peke yake:

"Neema... amekwisha!"

Mama mkwe akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoa ukunga ambao nadhani ulifika hadi getini. Mke wangu akateleza na ukuta hadi chini. Mimi masikio yakaziba.

Nakumbuka nilikuwa namtazama daktari na kitu kimoja hakikai sawa. Anatabasamu. Na dole gumba kalinyanyua juu. Mtu hawezi kukuletea msiba na dole gumba.

Finished. She is finished. Amemaliza!

"Mama!" nikapiga kelele. "Amemaliza! Anasema operesheni imeisha! Mtoto mzima!" Nikapiga magoti kwa mke wangu, nikamshika mabega, "Mama Neema, mzima, kakosea neno, mtoto mzima!"

Sista Kabula akatoka mbio, akadaka hali ilivyo, naye akaanza, "Mzima, mzima, anaamka sasa hivi, anaulizia mama yake!"

Daktari tabasamu lilikuwa limeshamtoka. Amekuwa mweupe kuliko alivyo. "What did I say?" ananiuliza mimi. "What did I say to them?"

Nikamwambia ukweli. "Doctor, you said she is gone."

Yule kijana akakaa chini. Pale pale sakafuni, na nguo zake za theatre, pembeni ya mke wangu. Akawa anasema sorry, sorry, sorry, hajui amshike nani. Macho yamejaa machozi.

Mimi nilimwelewa mtu yule kuliko alivyoweza kudhani. Alikuwa amebeba habari njema, kafungua mdomo, maneno yakatoka yanasema kinyume.

Nikachuchumaa mbele yake. Sikumcheka. Nikamwambia hilo neno kwa mtu tunalisema akiwa hana matumaini tena. Kwa kazi tunasema "imekwisha". Kwa mtoto sema "amemaliza salama". Akarudia kwa midomo bila sauti, mara mbili.

Mama mkwe alikuwa anajifuta uso na ncha ya kitenge. Akamtazama yule kijana pale chini.

"Mwambieni ajaribu tena," akasema.

Daktari akasimama. Akajiweka sawa, akamwinamia.

"Bibi. Neema amemaliza salama."

"Eee," mama mkwe akasema. "Hapo sasa. Asante, mwanangu." Akamshika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia mpaka tulipoitwa ndani.

Mkono wa Neema ulipona, unanyooka na kukunja. Anaandikia huo huo.

Nilichojifunza nakiweka wazi kwa faida ya mwingine. Ukiulizwa swali la kukana kwa Kiingereza, didn't, hasn't, you don't, usijibu yes au no peke yake. Toa sentensi kamili. "She has eaten." "I did not sign." Iwe na makosa, haijalishi, mradi ikae wazi. Na kwenye mambo ya roho, hospitali, polisi, mahakamani, omba Kiswahili. Pale hakuna mtihani, hakuna anayekupa maksi. Na mtu akianza kukueleza kitu unachodhani unakijua, mwache amalize. Hii ya mwisho ndiyo inaniuma zaidi.

Sasa nawaachia jukwaa. Wauguzi na madaktari mliomo humu, nyie mnaulizaje ili mtu asipotee? Na wewe mwingine, kuna neno liliwahi kukutoka likasema usichokusudia? Liandike hapa chini, hata kama linachekesha tutacheka na wewe, hatutakucheka.

Na kama kuna Kiingereza nimekikosea kwenye uzi huu, nirekebisheni. Safari hii nasikiliza mpaka mwisho.